Bukoba hadi Mtwara: Saa Tatu Angani, Siku Mbili Njiani

Chukua ramani ya Tanzania, ile ya ukutani uliyochapiwa fimbo kwa ajili yake darasa la nne. Kona ya juu kushoto kabisa, pembeni ya Ziwa Victoria, kuna Bukoba. Kona ya chini kulia kabisa, pale nchi inapoishia na Msumbiji inaanza, kuna Mtwara. Weka rula kutoka uwanja wa ndege wa huku hadi uwanja wa ndege wa kule. Utapata kama kilomita 1,360. Ukiiuliza simu yako itakujibu bila hata kufikiri: saa mbili na dakika kumi hivi. Yaani ni safari fupi kuliko filamu ya Kihindi.

Sasa muulize mdogo wangu. Yeye anafanya kazi benki Bukoba, na mumewe yuko Mtwara kwenye kazi za bandarini. Walifunga ndoa Desemba 2021, na tangu siku hiyo ile rula ndiyo imekuwa mtu wa tatu ndani ya nyumba. Wanajua kila kitu kuhusu kilomita 1,360. Wanajua zinagharimu shilingi ngapi, zinakula siku ngapi za likizo, na wapi hasa zinauma.

Novemba 2024 niliamua kusafiri naye, mwanzo hadi mwisho, nione mwenyewe. Nilikuwa Bukoba kwa mama, nina wiki moja ya likizo, na mdogo wangu alikuwa na sababu nzito ya kwenda safari hiyo. Sababu yenyewe ilikuwa ndani ya bahasha, kwenye mkoba wake. Nitaifikia.

Kwanza hiyo hesabu ya simu. Msomaji, usidanganyike nayo. Vikokotoo vingi vya umbali wa ndege hufanya jambo moja rahisi: vinachukua mstari ulionyooka, vinaugawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kama kilomita 800 kwa saa, halafu vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. Havijui kwamba kiwanja cha Bukoba ni kifupi, kimebanwa kati ya mji na ziwa, na kwamba ndege zinazotua pale ni za pangaboi. Pangaboi aina ya ATR huenda kama kilomita 500 na kidogo kwa saa. Bombardier Q400 inakimbia zaidi, inakaribia 650. Kwa hiyo hata kama ingekuwepo ndege ya moja kwa moja kutoka Bukoba hadi Mtwara, ungekaa kitini karibu saa tatu, siyo mbili.

Lakini ndege hiyo haipo. Na hapa ndipo kuna kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

Mimi nilidhani tatizo ni mzunguko. Nilidhani kwamba kupita Mwanza, halafu Dar es Salaam, halafu ndiyo ushuke Mtwara, ni kuzungushwa nchi nzima kama mzigo uliopotea. Nikakaa na ramani sebuleni kwa mama, nikapima. Bukoba hadi Mwanza ni kama kilomita 175. Mwanza hadi Dar ni kama 850. Dar hadi Mtwara ni kama 400. Jumla 1,425. Yaani mzunguko wote ule unaongeza kilomita 65 tu juu ya mstari ulionyooka! Mwanza iko karibu juu ya mstari wenyewe. Hata ungekuwa na ndege yako binafsi ungeichungulia Mwanza dirishani.

Kwa hiyo umbali hauna kosa. Kinachowala watu hawa wawili ni kusubiri.

Kitu kingine nilichokiona kwenye ramani kilinichekesha, kisha hakikunichekesha. Katikati ya mstari ule, nusu kwa nusu, panaangukia karibu kabisa na Dodoma. Nikamwambia mdogo wangu, mbona mnahangaika, kutaneni makao makuu kama wabunge. Akanitazama tu. "Dada, tulishafanya hivyo. Tulikutana Dodoma mara mbili, gesti. Ukiwa mke wa mtu halafu unaulizwa mapokezi kama mnakaa saa chache au mnalala, unajisikiaje?"

Sikuwa na jibu.

KWA NINI HAKUNA YA MOJA KWA MOJA?

Fikiria daladala. Hakuna gari linalotoka kila kona ya jiji kwenda kila kona nyingine. Unapanda, unashuka kwenye kituo kikubwa, unapanda jingine. Ndege nazo ni hivyo hivyo. Ukiwa na viwanja kumi na ukataka kuviunganisha vyote moja kwa moja, unahitaji njia 45. Ukivipitisha vyote kwenye kiwanja kimoja kikubwa, unahitaji njia tisa tu. Mwenye ndege chache atachagua tisa, na mimi ningekuwa yeye ningechagua hivyo hivyo. Q400 ina viti 76. Ni nani hao 76 wanaotoka Bukoba kwenda Mtwara Alhamisi asubuhi? Mdogo wangu, mimi, na labda wanajeshi wawili.

Kihistoria pia hii miji miwili haikuwa na sababu ya kutazamana. Bukoba inaitazama Uganda. Ukipima angani, Entebbe iko karibu nayo kama ilivyo Mwanza. Kahawa ya Kagera, wafanyabiashara wa Kagera, hata miziki ya harusini, vyote vimezoea kuvuka Mutukula. Mtwara nayo ina mgongo wake. Mji wa Pemba, ule wa Msumbiji, uko karibu na Mtwara kuliko Dar es Salaam ilivyo. Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma na hawakuulizwa wakati mpaka unachorwa. Kwa hiyo kumtoa binti wa Kihaya pembeni ya ziwa ukamuoza kwa Mmakonde wa Newala ni kuunganisha kingo mbili ambazo hata biashara haijawahi kuziunganisha. Walikutana wapi? Chuo, Dar. Wengi wetu ndiyo tunavyokutana, si ndiyo? Tunapendana Mlimani, halafu ajira zinatugawa kama karata.

Kama utasema basi waende kwa gari, sawa. Bukoba hadi Dar kwa barabara, kupitia Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, ni kama kilomita 1,400. Dar hadi Mtwara ni kama 560. Karibu kilomita 2,000 za basi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, maana kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mvua zikikaza watu wa kusini walikuwa kama wako kisiwani. Sasa lami ipo. Lakini lami nayo ina siku zake.

Mei 2024 baba yetu alifariki. Ulikuwa ni mwezi ule ule wa Kimbunga Hidaya, na mvua zake zilikata barabara ya Dar hadi Lindi maeneo ya Somanga. Shemeji aliondoka Mtwara kwa basi usiku huo huo aliopata taarifa, kwa sababu ndege ya kesho yake ilikuwa imejaa. Akakwama. Akarudi Mtwara. Na kwa kuwa barabara imekatika, kila mwenye shida alikuwa anatafuta kiti cha ndege, kwa hiyo viti vikaisha kabisa. Alipofika Bukoba, tulikuwa tumezika siku mbili zilizopita.

Alikwenda makaburini peke yake na mama. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba wajomba walisema. Wajomba husema. "Mkwe gani huyu asiyemzika baba mkwe wake?" Mtu anawaeleza habari za Somanga, wao wanasikia visingizio. Mdogo wangu hakuwajibu, lakini tangu siku ile kitu kilivunjika ndani yake, na kila aliponipigia simu alikuwa anaongea kama mtu anayehesabu.

SAA 31

Alhamisi saa moja asubuhi tuko mlangoni kwa mama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mvua ile ya Bukoba isiyo na hasira wala haraka. Mama ametufungia senene waliokaangwa kwenye kopo la maziwa, kwa sababu Novemba ni msimu wao, na mkungu mzima wa ndizi ambao tulibishana nao kama dakika kumi. "Waitu, mtu anakwendaje kwa mumewe mikono mitupu?" Mkungu ukashinda. Ukafungwa kwenye kiroba na ukapimwa uwanjani pamoja na masanduku.

Uwanja wa ndege wa Bukoba ni wa kupendeza, nisiseme uongo. Uko chini kabisa, pembeni ya maji. Ukisimama nje unaona ziwa, unaona kisiwa cha Musira, unaona boti za wavuvi zikirudi. Kutoka katikati ya mji unaweza kutembea kwa miguu hadi hapo. Lakini ndiyo hapo hapo ambapo asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42, iliyotoka Dar, iliangukia ziwani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19. Wengine 24 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kila Mbukoba ana mtu anayemjua aliyekuwa akimjua mtu ndani ya ndege ile. Mji ni mdogo. Shemeji hajawahi kusema kwamba anaogopa, ila ana tabia moja: siku mkewe anapopanda ndege, anamtumia meseji moja tu, "umeshuka?", na anairudia kila baada ya dakika kumi hadi ajibiwe. Mdogo wangu anasema mwanzoni ilikuwa inamkera. Sasa ameishaielewa. Anasema ile meseji ndiyo "nakupenda" ya Mmakonde.

Ndege yetu ilikuwa ya saa nne. Saa nne mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa kama blanketi lililolowa. Saa tano tuliisikia ndege juu, tukasimama sote, ikazunguka, ikaondoka. Ilikuwa imerudi Mwanza. Mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia akasema, "Bora irudi." Hakuna aliyelalamika. Baada ya 2022 abiria wa Bukoba wamekuwa na subira ambayo sijaiona uwanja mwingine wowote. Rubani akisema hapana, ni hapana.

Mawingu yakafunguka mchana. Saa saba na dakika ishirini tukapaa. Dakika arobaini baadaye tuko Mwanza. Hata soda haikumalizika. Pale tukakaa chini dakika arobaini nyingine, wengine wakishuka, wengine wakipanda, halafu saa moja na nusu hadi Dar. Nilikaa dirishani. Ukiondoka Mwanza unaona yale mawe makubwa ya ziwani kama vile mtoto ameacha midoli yake, halafu nchi inakuwa tambarare ya kahawia, mbuga na mashamba, mbuga na mashamba, mpaka unachoka. Mdogo wangu alilala. Mkoba ulikuwa mapajani, mikono miwili juu yake.

Tulitua Dar saa kumi na dakika kumi. Ndege ya Mtwara ilikuwa imeondoka saa tisa.

Hapa nina neno kwa wanaosafiri hivi. Mdogo wangu amejifunza kwa maumivu kwamba ukinunua tiketi mbili tofauti, moja ya kufika Dar na nyingine ya kutoka Dar, ukichelewa kwenye ya kwanza, ya pili ni shauri yako. Ukinunua zote kwa pamoja, kwenye tiketi moja, kampuni inayokusafirisha ndiyo yenye kazi ya kukutafutia ndege inayofuata. Wakati mwingine tiketi mbili huwa rahisi kidogo kuliko moja. Usiingie huo mtego kama unatoka kiwanja kidogo chenye mawingu. Sisi tulikuwa na tiketi moja, kwa hiyo tuliandikwa kwenye ndege ya kesho yake bila kulipa kitu, tukachukua teksi kwenda kwangu Tabata, sisi, masanduku, na mkungu wa ndizi.

Usiku ule ndipo alinionyesha bahasha. Benki ilikuwa imempa mambo mawili achague, na jibu lilitakiwa Jumatatu. La kwanza: abaki Bukoba, apande cheo, awe msaidizi wa meneja wa tawi. Mshahara juu, na mama yuko kilomita tano. La pili: ahamie Dar, kwenye cheo kile kile alichonacho, dawati lile lile, ila akiwa saa moja tu ya ndege kutoka kwa mumewe, ndege ya moja kwa moja. Mtwara kwenyewe hakukuwa na nafasi.

"Nimwambie kabla sijafika au nikifika?" aliniuliza.

Nikamwambia mambo ya bahasha hayasemwi kwenye simu.

Ijumaa saa sita mchana tukapaa tena. Kama unakwenda kusini kwa mara ya kwanza, omba kiti cha dirishani. Utaona Mafia, utaona mdomo wa Rufiji na mikoko yake, mito mingi midogo ya kijani ikisukana kama nywele za binti wa kidato cha kwanza, halafu visiwa vya Kilwa, halafu pwani nyeupe isiyo na hoteli hata moja kwa maili na maili. Saa saba na dakika tano tumetua Mtwara. Joto likatupiga usoni. Meseji ikaingia kabla hatujafungua mikanda: "umeshuka?"

Hadi tunaweka masanduku ukumbini kwa shemeji ilikuwa saa nane. Tangu saa moja ya Alhamisi hadi saa nane ya Ijumaa ni saa 31. Nikajumlisha za angani: dakika arobaini, saa moja na nusu, saa moja na dakika tano. Saa tatu na robo. Zilizobaki, karibu saa 28, zilikuwa za viti vya plastiki, foleni, chai ya bei mbaya na godoro langu la wageni. Mtu aliyetoka Dar asubuhi ile ile ya Alhamisi angeweza kwenda Dubai, akanunua dhahabu yake, akarudi, na akamkuta shemeji bado anaangalia saa.

SIKU NNE

Mdogo wangu alikuwa na likizo ya siku saba. Alhamisi hadi Jumatano. Toa siku mbili za kuja, toa siku mbili za kurudi, kwa sababu kurudi ni vile vile. Wamelala nyumba moja Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukiigawa mara nne kwa mtindo huu, inakupa siku 16 za kulala na mwenzi wako. Naye akija kwako mara nne, ni 32. Hiyo ni ndoa inayokwenda vizuri, yenye bosi muelewa, ambako hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa, na mawingu yamekaa mbali. Siku 32 kati ya 365.

Halafu kuna jua. Hili liliwahi kunishangaza siku moja nikiwa nao kwenye simu ya pamoja. Saa ni ile ile nchi nzima, lakini jua halijasoma sheria. Mtwara iko mashariki zaidi, na Novemba jua linatoka kule robo tatu ya saa kabla halijatoka Bukoba. Shemeji anaamka kwenye mwanga kabla ya saa kumi na mbili. Mkewe bado ana giza hadi saa kumi na mbili na nusu. Mwezi wa sita jioni ndiyo kabisa: Mtwara magharibi inaingia saa kumi na mbili na dakika chache, Bukoba watoto wanacheza mpira hadi karibu saa moja. Kwa hiyo mmoja anapiga simu akiwa ameshawasha taa na moyo umetulia, mwingine bado yuko barabarani na mambo ya kazi. "Mbona unaongea haraka haraka?" "Mbona wewe umeshalala?" Ugomvi mwingi wa kwenye simu, nyie mlio mbalimbali mnaufahamu, unaanzia kwenye vitu vidogo kama hivyo.

Mtwara yenyewe niliipenda. Ni mji wenye nafasi. Barabara pana, miembe na mikorosho, watu hawasukumani. Jumamosi shemeji alitupeleka Mikindani, kilomita chache tu kutoka mjini, mji wa kale wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, ghuba imetulia kama maji ya beseni. Livingstone alipita hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Alikuwa na subira huyo. Sisi tunalia na saa 31. Tulikula pweza wa nazi kibandani, tukala ming'oko ya kuchemsha ambayo nilikuwa naisikia tu kwenye hadithi, ni kiazi cha porini chenye utamu wa mbali. Ulikuwa msimu wa korosho, kwa hiyo kila baada ya muda malori yalipita yamelala upande kwa mzigo, na simu ya shemeji haikunyamaza. Mama yake alikuja kutoka Newala kutuona. Akawatazama senene kwenye kopo, akamtazama mkwewe, akachukua mmoja kwa vidole viwili, akala. Akachukua mwingine. Nikajua hapa hakuna tatizo la ukweni.

Jumapili baada ya chakula nikajifanya nina usingizi, nikawaacha barazani. Nyumba za Mtwara kuta zake si nene.

Nilitegemea shemeji atasema njoo Dar. Mwanaume gani asingesema? Hakusema. Alikaa kimya kwa muda, halafu nikamsikia anauliza, "Na mama?" Mdogo wangu akasema mama ana jirani, ana mjukuu wa kaka anayelala naye, ana afya. Akauliza tena, "Na mama akiumwa usiku, wewe uko Dar, unafika saa ngapi?" Wakaanza kuhesabu. Bukoba na Dar, ndege ya asubuhi kama ipo, kama mawingu hayapo. Mchana wake umefika. "Mimi nilichelewa kumzika baba," alisema. "Sitaki wewe uchelewe kwa mama kwa ajili yangu." Hapo nikaacha kusikiliza, nikaenda kuosha vyombo.

Kusema ukweli hilo ndilo sikulifikiria nilipokuwa nachezea rula kwa mama. Mimi niliona mistari miwili, mke na mume. Wao walikuwa na mitatu. Ukimsogelea mmoja unamuacha mwingine, na hakuna dawati la benki lililo sawa kwa wote.

Aliyeamua ni mama. Jioni ile walimpigia, wote wawili, simu kwenye spika. Wakamweleza bila kuficha, cheo na kila kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Dar mtakaa chumba kimoja?" Wakasema kila wikiendi inayowezekana, Ijumaa hadi Jumapili, na shemeji ataanza kuomba uhamisho polepole. Mama akasema, "Basi nendeni. Mimi nimechoka kuwapokea mmoja mmoja. Mkija, mje wawili."

Jumatatu asubuhi mdogo wangu aliandika jibu kwa barua pepe kwenye meza ya kulia, shemeji amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alilifuta mara mbili. Cheo si kitu kidogo, jamani, na yeye alikuwa amekisubiri miaka minne. Alipobonyeza kutuma hakushangilia. Aliomba chai.

Alihamia Dar Februari 2025 na kwa sasa anakaa kwangu, hadi hapo watakapopata nyumba. Mambo si asali. Ndege za Ijumaa jioni hujaa, nauli za wikiendi hazina huruma, na kuna wikiendi mbili kwa mwezi ambazo hazendi popote. Ila zile anazokwenda, anaondoka kazini saa tisa na saa moja usiku anakula kwake. Mwezi uliopita tumepanga wote watatu kwenda kwa mama Desemba. Tiketi moja, siyo mbili, na siku moja ya akiba kwa ajili ya mawingu.

Ijumaa iliyopita alinipigia akiwa ameshakaa kwenye ndege, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu mhudumu alikuwa anapita kukagua mikanda. Nilidhani kuna shida.

"Dada, nimeacha ndizi jikoni. Zimeiva. Usizitupe, zikaange."